Uliza Fundi: Nyumba mpya, doa la maji limetoka wapi?

Masika yanaisha na barua zimejaa mezani. Nyingi ni ndugu moja: nyumba imehamiwa juzi, rangi bado inanukia, na ukuta tayari una doa. Tumechukua tano. Kwa wote tunaomba kitu kimoja kabla hamjamwita fundi wa rangi: chora ukingo wa doa kwa penseli, andika tarehe pembeni, piga picha. Rudia kila Jumamosi kwa wiki nne. Pia andika lini linakolea: baada ya mvua, alfajiri, baada ya watu kuoga, au wakati wote. Karatasi hiyo itakusaidia kuliko maneno ya mafundi watatu.

Habari za kazi. Tumehamia nyumba yetu ya vyumba vitatu Kibada, Kigamboni. Lipu ilipigwa Juni mwaka jana, rangi ikafuata mwezi uleule. Sasa kwenye vyumba viwili na korido rangi inavimba kuanzia sakafuni hadi kama futi moja na nusu, na ikibanduka kuna unga mweupe. Fundi anasema nyumba mpya zote huwa hivyo, nipige rangi ya mafuta yaishe. Nimsikilize? – Mama wa Kibada

Mama, kuhusu upya wa nyumba fundi hajakudanganya. Kuhusu rangi ya mafuta, usimsikilize hata kidogo.

Nyumba mpya kweli ina maji yake. Mfuko wa saruji wa kilo 50 huchanganywa na maji ya lita 25 hivi, na saruji yenyewe hutumia kama nusu tu kugeuka jiwe. Yaliyobaki hukaa kwenye vitundu vya zege na lipu, na mengi yake lazima yatoke. Nyumba iliyomeza mifuko 400 ina karibu lita 5,000 za ziada, yaani tenki zima, na hapo hujahesabu maji ya kumwagilia tofali na jamvi, yaani zege la sakafu. Lipu ya Juni kupakwa rangi Juni hiyohiyo ni haraka mno. Lakini maji ya ujenzi yana tabia moja: hupungua tu, hayaongezeki. Tangu Juni umepita karibu mwaka. Kama alama zako za penseli zinaonyesha doa linasinyaa, subiri. Kama halisogei au linapanda, kuna mahali linanyweshwa.

Umetaja korido, na hilo ni jambo kubwa. Ukuta wa korido hauguswi na mvua. Doa likiwa kwenye kuta za nje peke yake tungeshuku mvua ya kupiga au maji ya bati yanayorukia ukutani. Likiwa na kuta za ndani pia, kwa kimo kilekile, kilichobaki ni ardhi, chumvi, au bomba.

Sasa toboa. Chukua drili yenye ncha ya milimita 8 na utoboe kwenye mstari wa udongo wa saruji kati ya tofali, sentimita 10 kutoka sakafuni, kisha sentimita 50, kisha mita moja, kina cha sentimita 5. Kata umeme kwanza kwenye main switchi na tumia drili ya betri, maana hujui nyaya zimepita wapi. Tazama unga unaotoka. Ukiwa mkavu na kupeperuka kwenye mita moja, ukashikana kidogo kwenye nusu mita, ukatoka kama uji mzito na kung'ang'ania ncha kwenye sentimita 10, maji yanapanda kutoka chini. Ukiwa mkavu kote ndani ilhali uso wa ukuta una unyevu, maji yanatoka hewani, na hapo chumvi ndiyo ya kushikwa kwanza.

Chumvi Kigamboni si jambo la kushangaa. Mchanga uliochimbwa jirani na bahari bila kuoshwa hubaki na chumvi, na chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji ya hewa unyevu ukifika karibu asilimia 75. Usiku wa masika pwani kiwango hicho huvukwa bila shida. Ndiyo maana doa la chumvi huwa bichi alfajiri, likakauka saa saba mchana, likarudi kesho yake palepale hata kama hakuna tone la mvua. Lipime hivi: kwangua vijiko viwili vya unga wa lipu kwenye doa na vingine viwili kutoka ukuta mzima, vikaushe juani, uviweke kwenye sahani mbili karibu na dirisha lililo wazi usiku. Asubuhi wa doa ukiwa umelowa na kushikana na ule mwingine bado mkavu, una chumvi. Na tahadhari: kile kipimo cha betri chenye pini mbili kinadanganywa na chumvi. Kinapima umeme unavyopita, na chumvi huupitisha vizuri, kwa hiyo kitakuambia ukuta umejaa maji hata pasipo maji.

Kama drili imesema maji yanapanda, toka nje na jembe. Fukua pembeni ya msingi mpaka uione DPC, ule utando wa nailoni nzito au lami unaolazwa juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza la ukuta. Mara nyingi utakuta moja kati ya haya. Haipo kabisa. Ipo lakini imechanika au vipande havikulaliana. Panapoungwa vinatakiwa vilaliane angalau sentimita 10. Au ipo salama, ila umeizika mwenyewe: kifusi cha bustani, pevingi, au kibaraza kilichomwagwa baadaye kimepanda juu yake. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini ya DPC kwa sentimita 15. Kosa la nne halionekani upesi, nalo ni lipu ya nje iliyoshushwa moja kwa moja mpaka ardhini. Maji hupanda ndani ya lipu kama mafuta ya taa kwenye utambi, yakaipita DPC kwa nje na kuingia ukutani juu yake.

Makosa mawili ya mwisho ni nafuu kurekebisha. Shusha udongo au pevingi, kisha kwa grenda kata lipu ukanda wa sentimita 3 sambamba na DPC, kuzunguka nyumba nzima. Ikiwa DPC haipo, dawa inayofaa ni krimu ya silani, dawa ya kufukuza maji inayoingizwa ukutani: matundu ya milimita 12 kwenye mstari wa kwanza wa udongo wa saruji, kila sentimita 10 hadi 12, kina kiache sentimita 3 au 4 tu kabla ya kutokea upande wa pili. Lakini kwanza muulize aliyejenga swali hili: ukuta ni wa bloku zenye matundu au zilizojaa? Kwenye bloku za matundu krimu hudondokea ndani na kupotea, ndiyo sababu lazima tundu lifuate mstari wa udongo, si tofali.

Baada ya hapo bandua lipu ya ndani mpaka mita moja, maana chumvi imeshalala humo na itaendelea kuvuta maji hata chanzo kikizibwa. Acha ukuta wazi wiki sita au zaidi. Lipu mpya iwe ya mchanga wa mto uliooshwa, na ikome sentimita 2 juu ya sakafu. Skatingi itaificha nafasi hiyo. Usitumie skimu ya jipsamu (lile tabaka jembamba la kulainisha ukuta) sehemu ya chini, kwa kuwa jipsamu ikinywa maji hulainika.

Na rangi ya mafuta? Inaziba uso, maji yanakosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi kutafuta njia. Doa la futi moja na nusu litakuwa la futi tatu.

Wataalamu, nyumba yangu ipo Madale, ya mtindo wa paa la kuficha, bati likiwa nyuma ya ukuta. Mvua ikinyesha kwa nguvu, dari ya sebule inapata doa la rangi ya chai na maji yanachuruzika juu ya dirisha kubwa. Mafundi wawili wamepaka lami juu ya bati, bado. – Baba wa Madale

Kaka, lami hiyo imepakwa panapoonekana, na maji hayana desturi ya kudondokea chini ya tundu lake. Huingia mahali, yakafuata mbao mita mbili au tatu, ndipo yakadondoka kwenye kiungo cha jipsamu.

Anza na hesabu. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50 kwa saa linapokea lita 5,000 kwa saa, zaidi ya lita 80 kila dakika. Yote hayo kwenye paa la kuficha yanaishia kwenye mfereji uliobanwa kati ya bati na ukuta, na mara nyingi mfereji huo una mdomo mmoja wa bomba. Jani la mwembe au mfuko mmoja wa plastiki ukikaa hapo, maji yanapanda mpaka chini ya bati na kuingia ndani. Paa lenye mteremko wa kawaida lingeyamwaga nje tu. Kwa hiyo kabla ya mpira wa maji, panda juu na ufagio. Kama mfereji una mdomo mmoja, toboa wa pili, na mwingine wa dharura ukutani, usawa wa sentimita 5 chini ya ukingo wa bati, ambao maji yakitoka hapo unajua mdomo wa chini umeziba.

Kisha mpira wa maji. Sheria ni kuanza chini kwenda juu, dakika 10 hadi 15 kila sehemu, na mtu awe darini na tochi. Ukianza juu, maji yatashuka kwenye kila kitu na hutajua lipi limevuja. Mwagia kwanza dirisha. Madirisha ya alumini ya kuteleza yana vitundu vidogo chini ya reli, upande wa nje, vya kutoa maji. Fundi wa rangi na mpiga silikoni huvifunga kwa kudhani ni kasoro. Reli ikijaa, maji humwagikia ndani. Vizibue kwa msumari. Hakikisha pia kizingiti cha chini kinateremkia nje na kina mfereji mdogo kwa chini wa kukata tone, la sivyo maji hugeuka na kurudi ukutani.

Kama dirisha ni zima, panda kwenye ukuta uliolificha bati. Juu yake huwa na nyufa, kwani umepigwa lipu tu na jua linaupiga siku nzima. Unahitaji kofia ya zege au bati inayoning'inia pande zote mbili. Mwisho ni pale bati linapokutana na ukuta huo. Kipande cha kuzuia maji kinatakiwa kupanda sentimita 15 ukutani na makali yake yaingie kwenye mkato wa sentimita 2.5 uliochongwa kwa grenda, kisha uzibwe. Ukikuta kimegandishwa juu ya lipu kwa silikoni pekee, umeshampata mwizi wako. Silikoni ya namna hiyo haikai misimu mingi juani.

Nipo Njombe, nimestaafu na kujenga. Kuanzia Juni chumba cha kaskazini kinapata madoa meusi kwenye kona na nyuma ya kabati, na dari inadondosha matone asubuhi bila mvua. Je, bati limetoboka? – Mzee wa Njombe

Shikamoo mzee wetu. Bati huenda halina kosa. Hewa ya chumba chenye nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 70 huanza kutoa maji inapogusa kitu chenye nyuzi 18 au chini ya hapo. Usiku wa Julai kwenu, kona ya ukuta na bati lisilo na kitambaa cha kuzuia baridi hushuka chini zaidi ya hapo. Watu wanne wakilala hupumua zaidi ya lita moja ya maji mpaka asubuhi. Yanakwenda kwenye kitu chenye baridi kuliko vyote: bati juu ya dari, kona, na ukuta ulioficha kabati, ambao joto la chumba haliufikii.

Hakikisha kwa karatasi ya alumini ya jikoni. Kata kipande cha sentimita 30 kwa 30, kibandike ukutani kwa gundi ya plasta pande zote nne, ukiache usiku mbili. Maji yakiwa upande wa chumbani, ni ya hewa. Yakiwa nyuma ya karatasi, yanatoka ukutani, na hapo urudi kwenye barua ya Kibada.

Ikiwa ni ya hewa, sogeza kabati sentimita 10 kutoka ukutani, usianike nguo ndani, fungua madirisha mawili yanayotazamana kwa dakika 15 kila asubuhi, baridi isikutishe. Darini acha nafasi za hewa chini ya fisha bodi pande mbili zinazoelekeana, na ukipata fedha weka kitambaa cha kuzuia joto na baridi chini ya bati. Weusi wa kona ufute kwa dawa ya kuondoa madoa yenye klorini, kipimo kimoja kwa maji kumi, peke yake. Usichanganye na dawa ya choo kwani hutoa gesi ya sumu. Na tafadhali, jiko la mkaa lisilale chumbani kukausha ukuta. Linaua.

Hamjambo. Niko Kitengela. Ukuta wa chumba cha kulala unaopakana na bafu una doa kubwa, halipungui wala haliongezeki. Plamba anataka kuvunja tailizi zote. – Msomaji wa Kitengela

Asivunje bado. Kwanza tenga maji safi na maji machafu. Funga koki zote za maji, soma mita hadi namba nyekundu za mwisho, kaa saa mbili bila kutumia maji, soma tena. Kama mnatumia tenki la juu, mwambie plamba afunge bomba la kwenda bafuni na aweke pampu ya kupimia yenye saa ya presha. Apandishe hadi baa 8, asubiri nusu saa, apandishe tena, kwa sababu bomba la PPR, lile la plastiki linalounganishwa kwa moto, hutanuka kidogo na mshale kushuka mwanzoni bila kuvuja. Kuanzia hapo, mshale ukishuka ndani ya saa moja kuna kiungo kibovu. Apime la baridi na la moto kila moja peke yake.

Viungo vya PPR huharibika kwa haraka ya fundi. Mashine huwa nyuzi 260, bomba la milimita 20 likae ndani sekunde 5, la 25 sekunde 7. Likitolewa mapema halishikani vizuri, na kiungo hutoa jasho badala ya kuvuja kwa kishindo. Doa lisilopungua wala kuongezeka, kama lako, linafanana sana na hilo.

Mabomba yakiwa mazima, ziba tundu la sakafu la bafu kwa kitambaa kilichofungwa kwenye nailoni, jaza maji sentimita 2, weka alama ya penseli, na uweke beseni lenye maji pembeni likiwa na alama pia. Baada ya saa 24 linganisha. Beseni litakuonyesha kiasi kilichokauka tu; bafu likipungua zaidi ya beseni, sakafu inavuja. Isipopungua, mwaga ndoo yenye rangi ya chakula kwenye tundu na uangalie ukuta kwa siku mbili. Ikitokeza rangi, bomba la maji machafu chini ya tundu halikuunganishwa vizuri, na unavunja tailizi nne badala ya arobaini.

Assalam alaykum. Niko Maskati, najenga Unguja, fundi ananitumia picha kwa simu. Nimdai picha gani kabla hajafunika kila kitu? – Abu wa Maskati

Waalaykum salaam. Abu, dai picha zenye kipimo ndani yake. Picha ya fundi amesimama mbele ya ukuta ni ya kumbukumbu. Ya kwanza, DPC imelala juu ya msingi wote, pamoja na kuta za ndani, na futi kamba ikionyesha maungio yamelaliana. Ya pili, mchanga wa lipu ukioshwa. Unguja chumvi iko kila upande, na hiyo usiikubali kwa ahadi. Ya tatu, saa ya presha ya mabomba picha mbili, zilizopishana saa moja, kabla lipu haijaziba mifereji ya ukutani. Ya nne, bomba la maji ya kiyoyozi likionekana linateremka nje, sentimita moja kwa kila mita. Amwage lita moja kwenye trei na akurekodie video mpaka itoke upande wa pili. Madoa mengi ya katikati ya ukuta chini ya kiyoyozi yanatoka hapo, na watu wanalaumu bahari. Ya tano, sakafu ya kila bafu ikiwa imejaa maji kabla ya tailizi, na ile alama ya penseli.

Kuhusu malipo, andikeni kabla ya kuanza kwamba asilimia 5 inabaki kwako mpaka masika moja ipite tangu kukabidhiwa nyumba. Na mwenye kukagua asiwe ndugu wa fundi.